Kutoka Mombasa Kwenda Milimani: Mwongozo wa Kusafiri na Timu ya Kikristo ya Kujitolea

Pwani yetu ilipokea wamisionari kabla ya sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakafungua kituo Rabai. Leo vijana na wazee wa makanisa ya Likoni, Changamwe, Mikindani na Kisauni ndio wanaofunga mabegi kwenda kutumika Lesotho, Rwanda, Ethiopia hata Nepal. Jambo hili linanifurahisha sana, na ndiyo maana ningependa lifanywe vizuri.

Mei 1848, Rebmann alipouona Kilimanjaro na theluji yake, alikuwa ametoka Rabai akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua njia ya Uchagani. Mgeni alifuata, mwenyeji wa njia akatangulia. Timu nyingi huharibikiwa pale wanapogeuza utaratibu huo: wanapanga kazi wakiwa Mombasa, wanapanga siku za kupanda kwa kuangalia tiketi, kisha wanafika na kutaka mlima na kijiji vifuate ratiba yao. Nitakayoyaeleza hapa yote yanasimama juu ya mambo mawili. Kazi ipangwe na kanisa la huko, na mwendo upangwe na yule mwenzenu anayechoka haraka.

Hatua ya kwanza: ngojeni mwaliko

Msianze na nchi. Mtu akisimama ibadani akasema Mungu amemwekea Nepal moyoni, msikilizeni kwa upendo, mwombeeni, kisha mwulizeni: ni nani huko Nepal ametuandikia? Kama hakuna, bado hakuna safari. Kuna uhusiano wa kuanza kujengwa, na uhusiano huo unaweza kuchukua mwaka mzima wa barua na simu kabla ya mtu yeyote kununua tiketi.

Mwaliko mzuri ni barua ya kanisa au shirika lililosajiliwa, yenye jina la atakayewapokea, kazi inayohitajika, idadi ya watu wanaoweza kulazwa, na muda. Idadi ndiyo watu wengi huipuuza. Kijiji cha milimani hakina nyumba ya wageni. Mtalala sebuleni kwa watu au kwenye darasa la shule, na gari linaloweza kupanda kule hubeba watu wachache. Mkialikwa watu wanane, nendeni wanane, hata kama waliojiandikisha ni ishirini na wote wameshatoa mchango.

Kisha ulizeni swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: hapo kijijini kuna fundi wa kazi hii? Tuchukue mfano wa maji, kwa kuwa milimani hiyo ndiyo kazi inayoombwa mara nyingi. Chemchemi iko juu, watu wako chini, kwa hiyo maji hushuka yenyewe bila pampu wala stima. Kinachotakiwa ni kuizungushia chemchemi ukuta ili mifugo isiichafue, kujenga tangi dogo, kuchimba mtaro wa kutosha ili mabomba yasipasuliwe na baridi wala jembe, na kuweka mfereji karibu na nyumba. Kuchimba mtaro si kazi ya kusafirisha kijana kutoka Bamburi. Wanakijiji huchimba haraka kuliko nyinyi, na hawahemi. Ila kijiji kinaweza kukosa pesa za mabomba, fundi bomba wa kuwafundisha vijana wao kuunga viungo, au mhasibu wa kukaa na kamati ya maji wakakubaliana kila nyumba itoe kiasi gani kwa mwezi kwa ajili ya matengenezo. Kama fundi yupo pale, yeye ndiye bosi wa kazi na alipwe. Fundi wenu awe msaidizi wake. Hivyo kiungo kikivuja mwakani, kuna mtu wa kukiziba.

Mkisha kuijua kazi, ndipo mchague watu. Fundi, muuguzi, mwalimu na mtu wa hesabu huwa hawakosekani kwenye orodha. Mimi huongeza mama mtu mzima mmoja na mtu mmoja anayejua kupika kwa kuni. Mama mtu mzima hukaribishwa jikoni, na jikoni ndiko mnakoambiwa ukweli wa kijiji.

Hatua ya pili: jueni sheria ya huko

Kwa mtu aliyezoea kuhubiri kivukoni Likoni bila kuulizwa na yeyote, sehemu hii inaweza kuwa ngumu. Katiba ya Nepal ya mwaka 2015, kifungu cha 26, inakataza kumgeuza mtu dini. Kanuni ya adhabu iliyoanza kutumika mwaka 2018 inaweka kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi rupia 50,000, na mgeni hufukuzwa nchini akimaliza kifungo. Rwanda nayo ilitunga sheria ya mashirika ya dini mwaka 2018, ikitaka kiongozi wa kanisa awe na elimu ya theolojia, na maelfu ya makanisa yakafungwa kwa kukosa kutimiza masharti.

Hii haimaanishi kuificha imani yenu. Maana yake ni kumtii mwenyeji. United Mission to Nepal imefanya kazi kule tangu mwaka 1954, na hospitali zake za Tansen na Okhaldhunga zimewahudumia watu wa milimani kwa miaka mingi, waziwazi, wakijulikana kuwa ni Wakristo. Kumbukeni kwamba nyinyi mtapanda ndege mrudi, lakini mchungaji aliyewapokea atabaki kuitwa polisi. Akisema msigawe vitabu, msigawe hata kimoja. Akisema hakuna mkutano wa nje, basi ombeni ndani.

Kuhusu viza: tangu tarehe 1 Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka, jambo ambalo limerahisisha njia ya Lesotho. Ethiopia Mkenya haombi viza, na Rwanda anaingia hata kwa kitambulisho cha taifa. Nepal viza hutolewa uwanja wa ndege Kathmandu, lakini viza ya utalii si kibali cha kazi, iwe ya malipo au ya kujitolea, kwa hiyo mwenyeji aulize mapema ni kibali gani kinafaa. Pasipoti ibaki na miezi 6 au zaidi. Daktari au muuguzi hawezi kutibu watu nchi ya wenyewe kwa leseni ya Kenya tu. Lazima aandikishwe kwa muda na baraza la huko. Dawa nazo zisafiri na barua na orodha, na zisiwe zimebaki miezi miwili kabla ya kuharibika. Masikini hastahili dawa ambazo sisi tusingewapa watoto wetu.

Hatua ya tatu: chagueni mwezi, mjihadhari na Agosti

Timu zetu hupenda Agosti kwa sababu shule zimefungwa. Agosti Lesotho ni majira ya baridi. Theluji inaweza kufunga barabara za juu na wageni wakakwama. Agosti hiyohiyo Nepal iko katikati ya mvua kubwa za kuanzia Juni hadi Septemba, milima inaporomoka na barabara zinakatika, na Ethiopia nayo iko kwenye msimu wake wa mvua. Rwanda ndiyo iko kavu. Kwa hiyo timu ya Agosti iende Rwanda. Likizo ya Aprili inafaa Lesotho na Nepal, na ya Desemba inafaa Ethiopia. Nepal inapendeza zaidi Oktoba na Novemba, lakini Oktoba walimu na wanafunzi hawatakuwa nanyi.

Kwa timu ambayo haijawahi kutoka, ningeshauri Rwanda au Lesotho kwanza. Nepal ingojee.

Hatua ya nne: daktari, mapema

Sisi tumekaa usawa wa bahari. Nairobi yenyewe, ambako wengi wetu huhema kidogo tukipanda ngazi, iko mita 1,700 na zaidi. Addis Ababa iko mita 2,300 na kitu. Lesotho nchi nzima haina mahali palipo chini ya mita 1,400, na miji ya Semonkong na Mokhotlong imepita mita 2,200. Namche, mji wa njia ya Everest, uko mita 3,440. Ugonjwa wa kimo huanza kuwapata watu wakishapita mita 2,500 hivi, na hauchagui mwenye misuli. Kijana anayecheza mpira kila jioni anaweza kuanguka huku mama wa miaka 60 akitembea vizuri.

Mwoneni daktari angalau miezi miwili kabla, na msimfiche kitu. Kuna jambo moja linalotuhusu sisi watu wa pwani hasa: selimundu, ule ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Huku kwetu familia nyingi zinao. Mgonjwa wa selimundu hafai kupelekwa milima mirefu, kwa sababu hewa ikipungua oksijeni chembe zake za damu hujikunja na maumivu makali yanaanza. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa kamwe hapa Mombasa, anaweza kupata madhara ya wengu akipanda juu sana. Kipimo cha damu ni cha kawaida katika hospitali kubwa. Kila mwanatimu apimwe, na majibu yabaki kati yake na daktari na kiongozi mmoja wa timu. Anayezuiwa apewe kazi ya heshima ya nyumbani: kusimamia maombi, pesa na mawasiliano.

Wenye presha na kisukari waende na dawa za kutosha, wakizigawa kwenye mabegi mawili. Insulini ikiganda haifai tena, kwa hiyo usiku mgonjwa alale nayo karibu na mwili, na kipimo cha sukari vilevile, maana baridi hukifanya kisome vibaya. Mjamzito abaki nyumbani. Kuna dawa iitwayo asetazolamidi ambayo daktari anaweza kuandika ili kuuzuia ugonjwa wa kimo. Huanzwa siku moja kabla ya kupanda, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme. Isinunuliwe duka la dawa kwa kusikia kwa jirani.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Kadi yake tangu mwaka 2016 inatambuliwa kwa maisha yote, na Afrika Kusini wanaiulizia kwa msafiri anayetoka Kenya, hata kama anapita tu kwenda Maseru.

Na hili liandikeni kwenye karatasi, kila mtu aiweke kwenye pasipoti: *Ninatoka Mombasa, ambako kuna malaria. Nikipata homa, nipimeni damu.* Lesotho hakuna malaria. Daktari wa kule akimwona mtu ana homa na kichwa atafikiria mafua au nimonia, na vimelea alivyoviokota Mtwapa wiki mbili zilizopita vinaendelea kumla. Msingoje daktari akumbuke. Semeni wenyewe.

Hatua ya tano: nendeni Taita kwanza

Kutembea kwenye mchanga wa Nyali alfajiri ni zoezi zuri la miguu, na ngazi za ghorofa ni bora zaidi, hasa za kushuka, kwa sababu milimani magoti huumia kwenye mteremko. Lakini kabla ya safari timu yote ilale Wundanyi siku mbili. Mkifika Voi mnakata kwenda Mwatate, mnapanda milima, na jioni mtaona watu wa Mombasa wakitafuta masweta. Kesho yake pandeni kilele cha Vuria, mita 2,208, kila mtu na begi lake mgongoni likiwa na uzito uleule atakaosafiri nao.

Safari hiyo haitauzoesha mwili wenu kwa mita 3,000. Kimo hicho hakitoshi. Kazi yake ni kufichua mambo. Kiatu kinachobana kitajulikana pale. Atajulikana pia ndugu anayekimbia mbele na kuwaacha wenzake, na dada aliyechoka akanyamaza kwa aibu. Hapo ndipo pa kuzungumza. Anayetangulia awekwe nyuma kabisa, abebe sanduku la dawa na awe wa mwisho kufika. Aliyechoka ndiye awekwe mbele, na hakuna anayempita. Mkishazoea mpangilio huo Taita, Lesotho hautamtia mtu haya.

Hatua ya sita: pesa

Fanyeni harambee mapema, na pesa ziingie kwenye akaunti ya kanisa yenye watia saini zaidi ya mmoja. Zisiingie kwenye simu ya kiongozi wa timu. Bajeti isomwe mbele ya washirika, ikionyesha wazi kiasi cha nauli na kiasi cha kazi yenyewe. Nauli ikizidi kazi mara nyingi, kaeni mjiulize kama si afadhali kupunguza watu na kutuma mabomba.

Nunueni bima inayotaja kimo. Bima nyingi za safari huishia mita fulani, na Nepal mgonjwa akishindwa kutembea hushushwa kwa helikopta ambayo bei yake itaimaliza familia. Mkifika, msitoe pesa mkononi kwa mtu mmoja mmoja, hata kwa huruma ya kweli. Mpeni mwenyeji, naye aamue kwa utaratibu wa kanisa lake. Pesa iliyotolewa pembeni huacha ugomvi kijijini.

Hatua ya saba: mzigo

Uzuri wa Mombasa ni kwamba jaketi la baridi halina mnunuzi. Nendeni Kongowea siku ya kufungua marobota, mwulize mwenye mitumba aliyeyatupa masweta na majaketi chini ya meza, atafurahi kuyaondoa. Vaeni kwa tabaka: fulana nyepesi isiyo ya pamba, sweta la sufu juu yake, kisha jaketi lisilopitisha maji wala upepo. Pamba ikishalowa jasho inabaki mbichi, na ukisimama tu upepo ukikupiga, unaanza kutetemeka. Hesabu ya haraka ni kwamba kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa nyuzi 6 hadi 7. Ukitoka Mombasa kuna nyuzi 30, mita 3,000 ni kama 10 mchana, na usiku ni baridi zaidi.

Viatu vya mitumba vitazameni kwa makini. Kiatu cha mlima kinaweza kung'aa juu kikiwa kimeoza ndani. Kikunje soli kwa mikono miwili. Ikitoa mistari ya nyufa au unga mweupe, kirudishe mezani. Kikiwa kizima, mpelekee fundi viatu aishone soli pembeni kote, kisha ukivae kila siku kwenda kazini mwezi mzima. Usiende mlimani na kiatu kipya.

Ongezeni kofia ya marvin, glavu, soksi nene, tochi ya kichwani na mfuko wa kulalia. Jua la juu ni kali kuliko la pwani ingawa hulisikii, kwa sababu ya upepo baridi. Chukueni miwani ya jua, kofia na mafuta ya midomo. Mafuta ya nazi yaacheni. Yakishuka chini ya nyuzi 24 huganda, na asubuhi utakuta chupa ina kipande cheupe kigumu kama mshumaa ambacho hakitoki hata ukiigonga chupa, bora vaselini. Simu na pawabenki zilale nanyi ndani ya mfuko, la sivyo chaji inaisha kwa baridi kabla ya kupambazuka.

Kila mwanamke, na hata wanaume, abebe leso. Inafunika kichwa ibadani, inakuwa shuka, pazia la kubadilishia nguo, na kamba ya kufungia mkono uliovunjika. Leso mpya na kilo chache za haluwa ndizo zawadi zinazofaa kwa wenyeji. Haluwa haiharibiki njiani na wazee huipenda. Zawadi zote apewe mwenyeji azigawe yeye.

Hatua ya nane: kupanda

Wa Ethiopia wanaweza kupandia ndege Moi hapa hapa hadi Addis Ababa. Wengine wachukue treni Miritini hadi Nairobi, na nawasihi msiunganishe ndege siku hiyohiyo. Laleni Nairobi usiku mmoja. Mwili uanze kuzoea. Wa Lesotho watashuka Johannesburg, kisha ndege ndogo au barabara ya kilomita 400 hivi hadi daraja la mpaka Maseru. Maseru nako kaeni siku moja kabla ya kwenda juu.

Kanuni ya kupanda ni hii. Mkishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne mpumzike siku nzima mahali pamoja. Mchana mnaweza kupanda zaidi kisha mkashuka kulala. Kunyweni maji, kuleni hata kama hamna hamu, acheni dawa za usingizi.

Kila asubuhi na jioni kiongozi awaulize wote kwa majina: kichwa kinauma? Tumbo limechafuka? Umelala? Mwenye kichwa kinachouma na kichefuchefu hapandi tena siku hiyo. Anakaa palepale hadi apone, na mtu mmoja anakaa naye. Asipopona anashuka. Dalili zifuatazo hazingoji asubuhi: mtu anayumba akitembea mstari ulionyooka, anaongea mambo yasiyoeleweka, anahema hata akiwa amekaa, au anakohoa povu. Ubongo wake umevimba au mapafu yanajaa maji. Mshusheni mara moja, angalau mita 300, zaidi kama inawezekana, na asishuke peke yake. Oksijeni na dawa vikiwapo apewe, lakini visiwe sababu ya kuchelewa. Ombeni mkiwa mnamshusha.

Timu nzima ikubaliane kabla ya kuondoka Mombasa kwamba ikibidi kuacha kijiji cha mwisho kwa ajili ya mgonjwa mmoja, kitaachwa, na hakuna atakayemlaumu.

Kuhusu jikoni: mita 3,000 maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharagwe yatakaa jikoni kutwa na bado yatakuwa magumu. Tumieni sufuria ya presha au pikeni dengu. Maji ya kunywa, mkishapita mita 2,000, yaachwe yatokote dakika 3.

Hatua ya tisa: kijijini

Lesotho mtapelekwa kwanza kwa chifu wa kijiji. Msianze hata kushusha mizigo. Salamu ni *lumela, ntate* kwa mwanamume na *lumela, 'm'e* kwa mwanamke, na hupewa kila mnayekutana naye njiani, kama tulivyolelewa sisi. Chakula ni papa, ambayo ni ugali wa sima ngumu tunaoujua, na mboga za majani. Mtakutana na wavulana wachungaji waliojifunika mablanketi, wanaokaa na mifugo malishoni juu miezi mingi bila shule. Wengi wa timu watataka kuwapa pesa. Muulizeni mwenyeji kama kuna darasa la usiku la wachungaji, na mtoe huko.

Ethiopia saa huhesabiwa kama tunavyohesabu sisi: saa moja asubuhi ni saa moja, kwa hiyo hapo Mswahili hapotei. Ila mwaka wao una miezi 13, basi tarehe za mikutano ziandikwe kwa kalenda zote mbili. Waumini wa Orthodox hufunga Jumatano na Ijumaa, hawali nyama, maziwa wala mayai. Msile nyama mbele yao siku hizo. Mkikaribishwa kahawa hutolewa mara tatu, na kuondoka kabla ya kikombe cha tatu ni kumvunja moyo mwenyeji. Kanisa la kule lina karne nyingi kuliko letu. Mkalitumikie kwa unyenyekevu, msiende kulifundisha kuomba.

Nepal makanisa hukutana Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku yao ya mapumziko. Msiguse kwa kijiko chenu chakula cha mwingine, na tumieni mkono wa kulia, jambo ambalo mtu wa Mombasa halihitaji kufundishwa. Wali na dengu mara mbili kwa siku. Mtashukuru.

Watoto ni amana. Kila mwanatimu awe na cheti cha mwenendo mwema kabla ya kuondoka, hakuna mtu mzima kukaa peke yake na mtoto, na hakuna picha ya mtoto bila idhini ya mzazi. Picha za watoto wenye kamasi na nguo zilizochanika zisipelekwe kwenye WhatsApp ya kanisa hata kama zitaleta michango. Mama wa yule mtoto angeona haya, na yeye ni dada yetu katika Kristo.

Hatua ya kumi: mkirudi

Mtu akikohoa kwa wiki mbili baada ya kurudi, aende apimwe kifua kikuu. Lesotho ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo kwa wingi sana. Mhasibu asome matumizi yote ibadani na risiti zibandikwe. Kisha mwandikieni mwenyeji, si kumshukuru tu, bali kumwuliza mambo matatu: tulikuwa mzigo wapi, ni kazi gani imesimama tangu tuondoke, na je, mngependa timu nyingine au mngependa pesa za nauli zile zije kama vifaa? Mwambieni wazi kwamba jibu lolote litapokelewa. Barua hiyo iende ndani ya mwezi mmoja, nakala ikae kwenye faili ya kanisa pamoja na orodha ya vitu vilivyofaa na visivyofaa, na tarehe ya safari ijayo isitajwe kwenye matangazo hadi jibu lake lifike.